Tusizike Kumbukumbu za Askari Wetu

Miongoni mwa barua zinazoifikia meza ya mhariri, zipo ambazo tunazitambua kabla hatujafika kwenye sahihi. Zimeandikwa kwa mkono ulionyooka, juu ya karatasi za daftari la mistari. Tarehe iko juu kulia na jina la kijiji liko chini yake; kisha hoja zimepangwa kwa nambari, moja baada ya nyingine, bila ya manung'uniko ya kupoteza wino. Hoja ya kwanza huuliza ni nani waliozikwa katika kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari. Ya pili husahihisha mwaka tulioukosea katika toleo lililopita. Ya tatu hutaka kujua gati iliyoahidiwa kijijini itaanza kujengwa lini, na kwa nini njia ya kwendea makaburini imezibwa kwa ukuta. Aliyeandika ni askari mstaafu.

Barua za namna hii zimetufundisha mengi, na ndizo zilizotufanya leo tulisemee jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likipita kimya. Visiwani mwetu, Unguja na Pemba, wamo wazee waliolitumikia jeshi ujanani mwao, na ambao uzeeni wameifanya historia ya mahali pao, pamoja na mambo ya leo ya nchi yao, kuwa ndiyo kazi yao ya pili. Hukaa barazani baada ya sala ya alasiri, redio pembeni na gazeti magotini. Hujua ni mti gani uliokuwa alama ya mpaka na ni kisima kipi kilichochimbwa na nani. Vijana huwasikiliza kwa adabu, kisha huondoka wakaenda zao. Maofisa huwapokea kwa heshima, kisha huwaambia, "Mzee, njoo kesho." Siku zinakwenda, na wazee wanakwenda nazo.

Je, udadisi huu wa askari mzee ni burudani ya mtu aliyekosa kazi, au ni mali ya umma? Sisi tunaamini kwamba ni mali ya umma. Tena ni mali ambayo tunaipoteza kwa uzembe wetu wenyewe, na ambayo ikisha kupotea hakuna bajeti itakayoweza kuinunua.

Tuanze kwa kuuliza kwa nini askari, kuliko watu wengine wengi, huwa na hamu hii. Sababu ya kwanza ni mafunzo yake. Askari hufundishwa kuitazama ardhi: kilima kiko wapi, maji yako wapi, njia inatoka wapi na inakwenda wapi. Hufundishwa kukadiria masafa na kukumbuka nani alikuwa amesimama mahali gani saa ngapi. Zaidi ya yote, hufundishwa kutoa taarifa ya alichokiona bila ya kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa taarifa ya uwongo vitani huua wenzake. Tabia hiyo haivuliwi pamoja na sare.

Sababu ya pili ni kwamba ametoka akarudi. Aliyewahi kuona miji ya watu imebomolewa, na watu wake wamekimbia hawajui waliko ndugu zao, akirudi kwao hatazami tena ukuta wa zamani kama jiwe na chokaa tu. Hutaka kujua nani aliujenga na nani aliubomoa. Na sababu ya tatu ni deni. Wapo wenzake waliokwenda naye na hawakurudi. Anapouliza habari za waliokufa zamani, mara nyingi anawaulizia pia wale aliowazika mwenyewe.

Nasi wa visiwani tuna mengi ya kuuliza, maana mji wetu umezungukwa na alama za vita ambazo tunazipita kila siku bila ya kuzisoma. Mbele ya Beit al-Ajaib palikuwa na mizinga ya shaba ya Kireno. Pembeni yake ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17. Na Beit al-Amani iliyopo Mnazi Mmoja, jumba lenye kuba ambalo wenyeji walilipa jina la Nyumba ya Mzimu, lilifunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani iliyopatikana baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni watu wangapi wanaopita hapo kwenda hospitali au kiwanja cha mpira wanaojua kwamba jumba lile ni ukumbusho wa vita? Askari mzee anajua, na ameshatuandikia mara kadhaa kutukumbusha.

Chukua mfano wa vita vya tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila ya idhini ya Waingereza. Saa tatu ya asubuhi muda aliopewa ulikwisha, na dakika mbili baadaye manowari za Kiingereza zikaanza kupiga mizinga. Kabla ya saa nne kasri lilikuwa magofu, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilikuwa imezamishwa. Watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu vya dunia huviita vita hivi vifupi kuliko vyote katika historia, na waandishi wake hubishana kama vilichukua dakika 38, au 40, au 45. Ubishi huo unategemea mtu anahesabu kuwa vita vimekwisha pale bendera iliposhushwa au pale mzinga wa mwisho uliponyamaza.

Tunayaeleza haya kwa sababu yana funzo mara mbili. Kwanza, hata watu wenye saa mikononi na daftari za meli mezani huweza kutofautiana juu ya jambo lililotokea mchana kweupe. Pili, na hili ndilo zito zaidi, vitabu vinavyobishania dakika hizo mara chache hutaja jina la mtu aliyekufa ndani ya kasri. Dakika zilikuwa na mwandishi; wafu hawakuwa naye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao hupotea vivyo hivyo.

Mfano wa pili uko baharini. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Zanzibar ikitengenezwa mashine zake, pale manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotokea ghafla na kuipiga hadi ikazama. Mabaharia wa Pegasus walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, na makaburi yao yapo hadi leo. Königsberg yenyewe ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, ikawindwa kutokea kisiwa cha Mafia, na ikaangamia huko tarehe 11 Julai 1915. Mzinga mmoja wa kila manowari umewekwa Fort Jesus, Mombasa, adui kando ya adui. Hizi ni habari zilizohifadhiwa vizuri, kwa sababu wenye manowari walikuwa na desturi ya kuandika.

Lakini vita hivyo hivyo vya 1914 hadi 1918 vilibebwa mabegani na mtu mwingine. Vilibebwa na mpagazi, aliyechukua risasi na unga kutoka pwani hadi bara, njaa ikimuuma na homa ikimchoma. Unguja na Pemba nazo zilitoa wapagazi wao. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari, na nyingine mfano wake Nairobi na Mombasa, kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi waliokufa. Sanamu hizo ni nzuri, lakini hazina jina hata moja la mpagazi. Ilichukua takriban miaka 100 kwa jambo hilo kukiriwa rasmi. Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi huo huo.

Tunawaomba maofisa wetu waisome habari hiyo kwa makini. Majina yale hayakupotea kwa sababu ya moto wala mafuriko peke yake. Mengi yalipotea kwa sababu watu waliokuwa na madaraka, wamekaa ofisini mwao, waliona kwamba hapana haja ya kuyaandika. Mkoloni aliamua kwamba mpagazi hana haja ya jina, nasi tumemlaumu kwa haki. Je, sisi tunaojitawala tutasema nini ikiwa askari wetu wenyewe, wenye majina, wenye wake na watoto, watakufa na hadithi zao kwa sababu ofisi zetu hazikupata nafasi ya kuwasikiliza?

Kizazi cha Vita Kuu ya Pili kimekwisha kuondoka. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944, wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua na kuuvuka mto Chindwin. Katika bahari yetu hii ya Hindi, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, na kundi kubwa miongoni mwao lilikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka huo alizaliwa mwaka 1926. Kama hatukumuuliza alipokuwa hai, leo hatuna wa kumuuliza.

Waliobaki ni wa Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu, na tarehe 1 Novemba yakadai kwamba sehemu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, nia ipo na uwezo upo. Vijana wa visiwani, pamoja na ndugu zao wa bara, walikwenda. Masaka iliangukia mikononi mwa majeshi yetu mwezi Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapigano yakamalizika kaskazini-magharibi ya Uganda mwanzoni mwa Juni. Baadhi ya waliokufa wamelazwa Kaboya, mkoani Kagera. Waliorudi walirejea katika uvuvi, katika mikarafuu, katika biashara ndogo ndogo, na wengine wakabaki jeshini hadi muda wao ulipokwisha. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka alizaliwa mwaka 1959. Hesabu ya umri wake leo kila msomaji anaweza kuifanya mwenyewe, na akisha kuifanya ataelewa kwa nini tunasema jambo hili halingoji.

Nyuma yao wapo wadogo zao. Wapo walioshiriki tarehe 25 Machi 2008 katika kuirudisha Anjouan chini ya serikali ya Komoro, operesheni ya Umoja wa Afrika ambayo kwetu sisi si habari ya mbali, kwani Mngazija na Mnzuani ni jirani na mara nyingi ni jamaa. Wapo waliotumikia ulinzi wa amani Kongo, ambako tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu 14 waliuawa katika kambi ya Semuliki, miongoni mwao wakiwamo wana wa Zanzibar. Wastaafu hawa wapya hawana madaftari kama wazee wao. Kumbukumbu zao zimo katika simu, na simu ikianguka majini kumbukumbu imekwisha.

Tunaandika haya kwa uchungu kidogo, na sababu tutaieleza. Si siku nyingi zilizopita, mwenzetu mmoja alinunua karanga njiani. Zilikuwa zimefungwa katika karatasi ya daftari yenye mistari. Alipozimaliza aliikunjua karatasi, akaona imeandikwa kwa mkono ulionyooka. Palikuwa na tarehe ya mwezi wa Februari 1979, neno "mvua", na chini yake majina manane. Mbele ya majina matatu palitiwa alama ya msalaba kwa wino mwekundu. Mwenzetu alirudi kwa muuzaji akamuuliza zilipo karatasi nyingine. Muuzaji, mtu mwema asiye na kosa, alijibu kwamba karatasi huzinunua kwa kilo, na zile zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi.

Hatumjui mwenye daftari lile. Huenda alifariki, na wanawe wakasafisha chumba. Hatuwalaumu wanawe, kwani hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba daftari la baba yao lina thamani kuliko kabati lililokuwa likiliweka. Twajua tu kwamba zipo familia tatu mahali fulani ambazo zingependa kuiona karatasi ile, nayo ilifungiwa karanga.

Sasa tuyageukie mambo ya leo, kwa kuwa askari mzee hatenganishi mambo hayo na yale ya kale. Hapa ndipo baadhi ya maofisa wetu hukunja nyuso. Mzee akisimulia ya 1978 hupigiwa makofi. Akiuliza kwa nini kisima cha kijiji kimekauka wakati hoteli ya jirani ina maji, huambiwa kwamba hayo hayamhusu. Mtazamo huu ni wa makosa. Mtu aliyeambiwa kwamba nchi ni yake, akatumwa aende kuifia, hawezi akirudi kuambiwa kwamba mambo ya nchi hiyo hayamhusu. Tena maswali yake ya leo mara nyingi hujibika kwa elimu yake ya kale. Anapoandika kwamba njia iliyozibwa ilikuwa njia ya mazishi tangu enzi za babu zake, haletei ofisi usumbufu. Anailetea ushahidi ambao ofisi ingelipa fedha nyingi kuutafuta mahkamani miaka kumi baadaye.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Jumba hilo lilikuwa limesimama tangu mwaka 1883, na lilivistahimili vita vya 1896. Hatusemi kwamba barua ya mstaafu yeyote ingelizuia msiba ule. Mambo ya ujenzi yana mafundi wake. Tunasema tu kwamba mji mkongwe unahitaji macho mengi yanayoutazama kwa upendo na kwa mazoea, na macho ya askari wazee wa baraza ni miongoni mwa macho hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza lazima awepo wa kuuona ufa, na awepo wa kumsikiliza aliyeuona.

Tunajua kwamba yapo mapingamizi, na si yote ya kupuuzwa.

La kwanza ni la siri. Askari amekula kiapo, na sheria za usalama wa taifa haziishi siku ya kustaafu. Hili ni kweli, na hakuna anayewataka wazee waeleze mipango ya ulinzi au habari za silaha. Lakini namna kijana wa Makunduchi alivyojifunza kuvumilia baridi ya Kagera si siri. Jina la rafiki aliyezikwa chini ya mti si siri. Wimbo waliouimba njiani, chakula walichokula, barua walizoziandika nyumbani na majibu yaliyochelewa, hayo ni maisha ya watu wetu. Penye shaka, liulizwe jeshi lenyewe, litajibu.

La pili ni la makosa. Kumbukumbu ya mtu huchakaa. Mzee huweza kuchanganya miezi, akajiweka mahali ambapo hakuwepo, akaliona tendo lake kubwa kuliko lilivyokuwa. Nasi tunakubali. Ndiyo maana tulitaja ule ubishi wa dakika za 1896: hata wenye saa hukosea. Dawa ya kosa ni kuandika ushahidi wa wengi na kuupambanisha, kila msemaji akitenganisha alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa mwenzake. Kunyamaza hakuondoi kosa. Kunaliacha lizagae mitaani bila ya mtu wa kulisahihisha.

La tatu ndilo zito, na hatutalikwepa. Historia ya visiwa hivi ina vidonda. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na yaliyotangulia na yaliyofuata, yana masimulizi yasiyofanana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Wapo wanaoogopa kwamba tukiwafungulia wazee vinywa tutafungua na chuki. Sisi tunaiona hofu hiyo, lakini tunaona pia kwamba mambo yanayonong'onwa hukua kuliko yanayoandikwa. Ushahidi unaweza kupokewa, ukatiwa muhuri, ukawekwa kwa muda atakaoutaka msemaji, ukafunguliwa wakati wanaotajwa hawawezi tena kudhurika. Hivyo ndivyo nyaraka nyingi za serikali zinavyohifadhiwa duniani. Anayekabidhi kumbukumbu yake kwa kizazi kijacho hamtukani mtu wa leo.

Basi kifanyike nini? Hatupendekezi tume mpya wala jengo jipya. Tunapendekeza mambo machache ambayo yanaweza kuanza wiki ijayo.

Kwanza, kila sheha awajue askari wastaafu wa shehia yake, na kwa hiari yao aandike majina yao na miaka waliyotumikia. Orodha hiyo ni ya kazi ya kumbukumbu tu, na isitumike kwa jambo jingine lolote.

Pili, skuli zetu za sekondari ziwape wanafunzi wa historia kazi ya kumsikiliza mzee mmoja, kuandika maneno yake kama alivyoyasema, na kumsomea mwenyewe kabla hajatia sahihi. Mwanafunzi atajifunza historia, na atajifunza adabu ya ushahidi. Mambo haya si mageni kwetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Zanzibar ilikuwa makao ya kituo cha EACROTANAL, kilichofanya utafiti wa masimulizi na lugha za Afrika Mashariki. Tulikuwa na elimu hii, tumeiweka tu.

Tatu, ziwepo nakala tatu: moja ya familia, moja ya skuli, na moja ya Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani. Hazina ya Kilimani si ndogo. Maandiko na vitabu vyake vya Kiarabu viliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Jumba linaloweza kutunza waraka wa masultani linaweza kulipa nafasi daftari la koplo. Na ofisa yeyote asichukue daftari au picha ya mtu bila ya kuacha stakabadhi yenye jina lake na tarehe ya kurudisha. Wazee wengi wamewahi kuazimisha picha zao za ujana wasizione tena, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nne, barua ya mwananchi ijibiwe. Jibu likiwa "hapana", liandikwe hapana na sababu yake. Askari amezoea kupokea amri ngumu. Jambo asilolizoea ni kupuuzwa.

Tano, katika siku za kuwakumbuka mashujaa, ikiwemo tarehe 25 Julai ya kila mwaka, majina yasomwe. Shada la maua hunyauka kwa siku mbili. Jina likisomwa mbele ya watoto wa kijiji alikotoka mwenyewe, hukaa.

Kwa wazee wenyewe nasi tuna neno, na watuwie radhi tukilisema wazi. Msingoje kuulizwa. Andikeni sasa, wakati mkono haujatetemeka. Andikeni na mliyokosea, na mliyoyaogopa, kwani historia ya watu wasioogopa chochote haiaminiki. Tofautisheni alichokiona mtu na alichokisikia, kama mlivyofundishwa kutoa taarifa. Na mkiandika juu ya mambo ya leo, endeleeni na desturi yenu ya kuweka tarehe, mahali na idadi, ili ofisa asipate pa kukwepea.

Kwa wana na wajukuu tunasema hivi: siku ya kusafisha chumba cha mzee, msiwe na haraka. Funueni kila daftari kabla ya kulipeleka kwa mnunuzi wa karatasi. Msipojua kusoma mwandiko, au ikiwa ni maandishi ya Kiarabu yanayowashinda, pelekeni kwa anayejua. Hata ofisi ya gazeti hili mlango wake uko wazi, na tutatoa stakabadhi.

Karatasi ile ya majina manane tumeihifadhi. Ina doa la mafuta ya karanga katikati, lakini majina yote yanasomeka. Ikiwa mwenye mwandiko ule yu hai, au yupo anayeujua, aje tumkabidhi mali yake. Na ikiwa anayo madaftari mengine, asiyauze.